Hati ya Kimila ya Kikundi kwa Ardhi ya Malisho na Uwindaji: Mwongozo Kamili kwa Vijiji vya Tanzania

"Tumepima, tumelipa, na picha tumepiga na mkuu wa wilaya. Mbona hati haitoki?"

Swali hili nimeulizwa na viongozi wa vijiji vya wafugaji mara nyingi kuliko lolote. Nikiomba kuliona faili, jibu hulikuta kwenye karatasi mbili tatu za mwanzo. Muhtasari wa mkutano wa kijiji haupo. Au upo, lakini unazungumzia "kupima ardhi", si kumpa mtu haki. Au mpaka ulioandikwa si ule uliopimwa. Kifaa cha GPS hakijawahi kuwa na kosa hata mara moja. Kosa huwa kwenye makaratasi ambayo kila mtu aliyachukulia kuwa ni ya kujaza tu, mtendaji atayamaliza jioni.

Mwongozo huu ni wa jamii zinazotumia ardhi kwa pamoja, yaani wafugaji, wawindaji na wakusanyaji wa matunda na asali, zinazotaka Hati ya Hakimiliki ya Kimila kwa jina la kikundi. Sheria yenyewe ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, Sura ya 114. Kifungu cha 18 kinasema hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na ile ya kupewa na serikali. Mtu akiwaambia hati ya kimila ni "hati ndogo", msomeeni kifungu hicho.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Msianze safari ya wilayani kabla ya kukusanya hivi:

- Cheti cha usajili wa kijiji na Cheti cha Ardhi ya Kijiji, pamoja na ramani ya mipaka ya kijiji
- Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji na sheria ndogo zake, kama vipo
- Daftari la wakazi lililohuishwa, kitongoji kwa kitongoji
- Katiba ya kikundi na orodha ya wanachama
- Kitabu cha mihtasari chenye kurasa zilizopewa namba. Karatasi za kuchomoa hazifai
- Kidau cha wino wa dole gumba. Msicheke. Nimeona mkutano wa watu mia mbili ukiahirishwa kwa sababu ya kidau kilichokauka
- Mhuri wa kijiji, na uhakika wa nani anakaa nao

Jambo moja kuhusu viongozi. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, na vijiji vingi vilibadilisha wenyeviti. Kama faili lenu lilianza kabla ya hapo, hakikisheni kila karatasi ya sasa imesainiwa na mwenyekiti aliye madarakani leo. Muhtasari wa zamani unabaki kuwa halali kwa saini ya aliyekuwapo wakati ule. Fomu mpya haiwezi kubeba saini ya aliyekwisha kutoka.

## Je, mnahitaji hati, au daftari linatosha?

Kijiji kinaweza kutenga eneo la malisho kuwa ardhi ya jumuiya na kuliandika kwenye daftari la ardhi ya jumuiya. Ni njia rahisi, haina gharama kubwa, na eneo hilo haligawiwi mtu binafsi.

Tatizo ni kwamba kilichotengwa na mkutano kinaweza kutenguliwa na mkutano. Mwaka wa njaa, wakulima wakiwa wengi kitongojini, eneo lililokuwa malisho linageuka mashamba kwa kura ya mchana mmoja. Hati ya kikundi ni kufuli la pili. Ardhi inakuwa na mwenyewe aliyesajiliwa, na halmashauri ya kijiji haina tena cha kugawa pale. Kijiji kisicho na shinikizo la mashamba kinaweza kuishi na daftari. Kijiji ambacho trekta zimeshaonekana mpakani, mimi ningekwenda kwenye hati.

## Hatua ya 1: Hakikisheni ardhi ni ya kijiji kweli

Ardhi ya Tanzania ipo katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Hati ya kimila hutolewa juu ya ardhi ya kijiji peke yake. Nendeni kwa afisa ardhi wa wilaya na ramani yenu, mwombe aiweke juu ya ramani ya misitu, mapori ya akiba na hifadhi zilizo jirani.

Msiruke hatua hii kwa sababu "tuko hapa tangu enzi za mababu". Waliopo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro wanatawaliwa na sheria yake maalumu, na mwongozo huu hauwafai. Kule Loliondo, mwaka 2022, eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,500 ambalo vijiji vilikuwa vikilichungia lilitangazwa kuwa pori la akiba. Ni heri kujua sasa mstari umepita wapi kuliko kujua siku ya kupima.

Mnajua mmemaliza hatua hii afisa ardhi akiwaandikia barua, au walau akisaini ramani, kwamba eneo mnalolitaka lote liko ndani ya mpaka wa kijiji. Maneno ya mdomo ya ofisini hayahamishwi afisa anapohamishwa.

## Hatua ya 2: Tembeeni mpaka na majirani

Tembeeni, kwa miguu. Wazee wawili au watatu wa kila upande, wanawake wanaochota maji na kukata kuni upande ule, na vijana wanaochunga kwa sasa, kwa sababu mzee anakumbuka mpaka wa mwaka 1978 na kijana anajua ng'ombe wanapita wapi leo.

Kila mnaposimama andikeni alama ya kudumu: mbuyu, jabali, kichuguu kikubwa, makutano ya makorongo. Jihadharini na korongo la mchanga. Mvua za masika zikija kwa nguvu korongo hilo huhama, na mpaka unahama nalo. Kama hamna alama nyingine, wekeni kigingi cha zege na mkipe namba.

Wekeni pia alama za vitu vilivyo ndani: lambo, josho, mapito ya mifugo, maeneo ya ronjo (kambi za muda za wafugaji wakati wa kiangazi), na ile nyasi inayofungiwa kwa ajili ya kiangazi ambayo Wamaasai huiita alalili. Kwa Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanyaji, ingekuwa mizinga, mibuyu na mizizi. Afisa asiyetoka kwenye jamii hizi akiona eneo lisilo na shamba huandika "pori tupu". Orodha hii ndiyo inayomwonyesha kwamba si tupu.

Mpaka wenye ubishi usipimwe. Suluhisheni kwanza, andikeni makubaliano, vijiji vyote viwili wasaini na kugonga mihuri. Kama malisho yenyewe yamekatiza vijiji viwili au vitatu, sheria inaruhusu makubaliano ya pamoja ya matumizi ya ardhi, kila kijiji kikipitisha kwenye mkutano wake. Vijiji vya Kiteto vinavyojulikana kwa jina la pamoja OLENGAPA (Orkitikiti, Lerug na Ngapapa) vilipita njia hiyo na kulinda zaidi ya hekta 20,000 za malisho. Lakini iliwachukua miaka, na mkihesabu vikao vya usuluhishi mtaelewa kwa nini.

## Hatua ya 3: Mpango wa matumizi ya ardhi na sheria ndogo

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6 ya 2007, inakifanya kijiji kuwa mamlaka ya kupanga ardhi yake. Timu ya wilaya huja kusaidia: afisa ardhi, mpima, afisa mifugo, afisa misitu, afisa maendeleo ya jamii. Bila mpango, eneo lenu la malisho halina jina rasmi.

Hapa gharama kubwa ni posho na mafuta ya gari. Ombeni mchanganuo wa maandishi kabla ya timu kufika. Mkichangishana kwa mbuzi, kila mbuzi aandikwe na risiti itolewe; michango isiyoandikwa ndiyo inayovunja vikundi hivi kabla havijazaliwa.

Mpango bila sheria ndogo ni picha ya ukutani. Halmashauri ya kijiji huandaa sheria ndogo, mkutano wa kijiji huzijadili, kisha halmashauri ya wilaya huzipitisha. Andikeni kiwango cha faini, nani anakusanya, na fedha inaingia wapi. "Mvunjaji atachukuliwa hatua kali" si sheria, maana hakuna mtu aliyewahi kutozwa hatua kali.

## Hatua ya 4: Undeni kikundi chenye katiba

Waombaji wanaweza kuwa kikundi kinachotambulika kwa mila, au watu waliojiunga kuwa chama kinachokubalika kisheria. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipata hati yao mwaka 2011 kwa eneo la zaidi ya hekta 20,000, na hawakuwa na ng'ombe wala shamba la kuonyesha. Kilichotambuliwa ni jamii na namna yake ya kuitumia ardhi.

Hata mkienda kwa mila, andikeni katiba. Iwe fupi, lakini ijibu maswali haya:

- Nani ni mwanachama, na mtoto wa mwanachama anaingiaje?
- Mwanamke aliyeolewa hapa kutoka kijiji kingine ana haki gani? Mjane je? Binti aliyeachika akarudi kwa baba yake?
- Wafugaji wageni wa kiangazi wanaomba ruhusa kwa nani, na wanakaa muda gani?
- Nani anasaini kwa niaba ya kikundi, na anaondolewaje?
- Je, ardhi inaweza kukodishwa? Kwa idhini ya wangapi?

Swali la pili ndilo linalorukwa, na ndilo linalorudisha faili. Mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya ardhi ni batili mbele ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Orodha ya wanachama yenye majina 140 ya "wakuu wa boma", wote wanaume, inampa afisa sababu nzuri ya kuikataa, na mahakama sababu nzuri zaidi. Andikeni mume na wake zake kila mmoja kwa jina lake.

Kuhusu kukodisha, maoni yangu ni haya: andikeni kwamba ardhi haikodishwi kwa kilimo hata msimu mmoja. "Msimu mmoja" huzaa kisiki, kisiki huzaa nyumba.

## Hatua ya 5: Maombi na uhakiki

Fomu ya maombi ya hakimiliki ya kimila inapatikana kwa mtendaji wa kijiji. Jina la kikundi liandikwe sawasawa na lilivyo kwenye katiba, herufi kwa herufi. "Kikundi cha Malisho" na "Umoja wa Malisho" ni waombaji wawili tofauti.

Ombi linapelekwa halmashauri ya kijiji, nayo ina siku 90 za kuliamua. Daini nakala yenye tarehe ya kupokelewa na mhuri, kwa sababu siku 90 hazihesabiki bila tarehe.

Katika muda huo kamati ya uhakiki ya kijiji, wanawake wakiwemo, inakwenda uwanjani kuuliza kama kuna mtu mwenye dai ndani ya eneo. Bandikeni tangazo ofisi ya kijiji, shuleni, mnadani, na kwenye kila kitongoji kinachopakana. Akijitokeza mwenye shamba la ekari tatu katikati ya malisho, msimfukuze. Mtoeni kwenye ramani kwa maandishi, au muafikiane naye kwa maandishi. Dai lililofichwa siku ya uhakiki huibuka siku ya kesi.

Kama eneo ni kubwa sana, muulizeni afisa ardhi mapema idhini gani inatakiwa ngazi ya wilaya au juu yake, msije mkagundua mwishoni.

## Hatua ya 6: Mkutano wa kijiji, na huu muhtasari

Hapa ndipo mafaili hufia, kwa hiyo tulieni kidogo.

Halmashauri ya kijiji si mwenye ardhi. Inaisimamia kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji, na kifungu cha 8 kinaizuia kugawa ardhi au kutoa hakimiliki kabla mkutano wa kijiji haujaidhinisha. Halmashauri inapendekeza, mkutano unaidhinisha. Ukigeuza mpangilio huo, hati iliyotoka inaweza kuvunjwa na yeyote mwenye wakili.

Chagueni siku vizuri. Kiangazi nusu ya kijiji iko ronjo. Siku ya mnada wanaume hawapo. Saa nne asubuhi akina mama wako kisimani. Kijiji kimoja nilichokifahamu kilihamishia mkutano saa tisa alasiri, chini ya mgunga ulio karibu na lambo, na kwa mara ya kwanza mahudhurio ya wanawake yakapita ya wanaume. Mtendaji alilalamika kwamba hakuna meza. Akaandikia gotini, na ule ndio muhtasari bora niliowahi kuusoma.

Muhtasari mbaya unasomeka hivi:

> Wananchi walikubali kwa kauli moja ardhi ya malisho ipimwe.

Ipimwe kwa ajili ya nani? Ipi? Wangapi walikubali? Sentensi hiyo haijampa mtu yeyote haki yoyote.

Muhtasari mzuri unasomeka hivi (hesabu ni za mfano):

> Ajenda Na. 4: Kuidhinisha ombi la Kikundi cha Malisho. Mwenyekiti aliuarifu mkutano kuwa Halmashauri ya Kijiji, katika kikao chake cha tarehe …, ilipendekeza Kikundi kipewe hakimiliki ya kimila juu ya eneo la hekta … lililopo vitongoji vya … na …. Eneo linapakana na jabali la … kaskazini, kigingi Na. 7 mashariki, barabara ya … kusini na kijiji cha … magharibi, kama lilivyo kwenye ramani iliyosomwa mkutanoni. Waliohudhuria 312: wanaume 170, wanawake 142. Waliokubali 301, waliokataa 8, wasiopiga kura 3. Mkutano UMEIDHINISHA Kikundi kipewe hakimiliki hiyo.

Someni ramani kwa sauti, na kwa lugha ya nyumbani pia kama wapo wasiokifuata Kiswahili. Waliokataa waandikwe, na sababu zao. "Kauli moja" ya watu mia tatu haiaminiki, na hakimu naye ni mtu wa kijijini kwao.

Karatasi ya mahudhurio ifungwe pamoja na muhtasari: jina, kitongoji, jinsia, saini au dole gumba. Mwenyekiti na mtendaji wasaini siku hiyohiyo, kabla watu hawajatawanyika. Muhtasari unaoandikwa wiki mbili baadaye hukosa idadi, na mtendaji hujaza ya kubuni. Nakala ipelekwe kwa mtendaji wa kata siku chache zinazofuata, na mbaki na ushahidi wa kuipokea.

Kipimo cha kufaulu hapa ni rahisi. Mpe muhtasari mtu ambaye hakuwepo, mwambie akuonyeshe kwenye ramani eneo gani limetolewa, kwa nani, na kwa kura ngapi. Akikuuliza swali hata moja, haujakamilika.

## Hatua ya 7: Hati yenyewe

Mkutano ukishaidhinisha, kikundi hupewa barua ya toleo na kuikubali kwa maandishi, kisha hati huandaliwa. Husainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, na wawakilishi wa kikundi waliotajwa kwenye katiba. Afisa ardhi wa wilaya ndiye anayesaini mwisho, kugonga mhuri na kusajili.

Kabla ya mtu kusaini, wekeni vitu vinne mezani sambamba: hati, ramani, muhtasari na katiba. Linganisheni jina la kikundi, ukubwa wa eneo, mipaka na majina ya wasaini. Hekta zikitofautiana kati ya muhtasari na hati, hata kwa kidogo, simamisheni. Kurekebisha kabla ya usajili ni kazi ya siku moja.

Muda wa hakimiliki kwa wanakijiji ambao ni raia unaweza kuwa usio na kikomo. Angalieni hicho kipengele. Nimeona hati ikiwa imejazwa miaka 33 kwa mazoea tu ya mjazaji.

Nakala ni tatu: moja ya kikundi, moja masjala ya ardhi ya kijiji, moja wilayani. Kijiji kisicho na masjala, hata chumba kimoja chenye kabati la kufuli, hukwama hapa. Na nakala ya kikundi isilale nyumbani kwa mwenyekiti wa kikundi. Siku akigombana na wenzake, hati itagombana nao pia.

## Hatua ya 8: Hati mkononi, mvamizi mlangoni

Wekeni mabango kwenye njia zote za kuingilia, na pitieni vigingi kila mwisho wa masika. Anayevamia apewe notisi ya maandishi mara moja. Mkikaa kimya misimu mitatu, atasema mlimkubali.

Ngazi za mgogoro ni hizi. Anzeni Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa, nendeni Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 baraza hili halitoi hukumu ya ardhi tena; nalo linasuluhisha tu. Usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30, chukueni uthibitisho wake wa maandishi, ndio mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wengi hufika wilayani bila karatasi hiyo na kurudishwa, nauli imekwisha.

Hati pia haizuii serikali kutwaa ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma. Lakini sheria inataka fidia, kiasi chake, aina yake na lini italipwa, ikubaliwe kabla ardhi haijahamishwa, na kwa eneo lisilozidi hekta 250 mkutano wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Kwa hiyo mgeni akija na ramani yake, msisaini mahudhurio ya kikao chake kabla ya kusoma kichwa cha karatasi. Karatasi za "mahudhurio" zimewahi kuambatanishwa kama ridhaa.

Kila mwaka, mkutano wa kwanza baada ya mavuno, someni orodha ya wanachama kwa sauti. Waliofariki watolewe, walioolewa na waliotimiza miaka 18 waingizwe, nakala mpya ipelekwe masjala ya kijiji na kwa afisa ardhi, yenye tarehe na mhuri.